Kofia ya Magneto na Profesa X
Je, Profesa X wa filamu za X-Men, anayeingia na kutawala akili za watu, anaweza kumwingia hasimu wake Magneto, anayeendesha vyuma kwa nguvu zake? Hapana, hawezi kumwingia akilini Magneto akiwa na ile kofia ya chuma. Mpaka ivuliwe. Ila inamkinga aliyeivaa tu, na hapo ndipo wengi mnapochanganya. Mimi nimeirudia X-Men ya 2000 mara kibao: pale stesheni ya treni Profesa anaitawala akili ya Sabretooth, mfuasi wa Magneto mwenyewe, na kumtumia kumkaba Magneto koo, kofia ipo kichwani na haimsaidii kitu. Kilichomwokoa ni bunduki za polisi alizowageuzia wenyewe. Risasi moja ikafika hadi kwenye paji la askari, inazunguka hewani. Profesa akaachia. Uwezo alikuwa nao, roho ya kuona polisi wakifa ndiyo hakuwa nayo. Naongelea filamu lakini, katuni zina mambo yake.