Maswali na majibu: intaneti ya nyaya za umeme, IP za kudumu na poti zisizofunguka

Wengi mnaoishi kwenye nyumba za matofali na zege mmenunua adapta za pawalaini, zile zinazochomekwa kwenye soketi na kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Maswali yanayoniijia sasa karibu yote yanahusu anwani za IP (namba inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao) na poti (namba za milango ambayo data hupitia kuingia kwenye kifaa), na katika mengi yao adapta imeshahukumiwa kabla ya kupimwa. Kwa hiyo jueni hili kwanza: adapta ya kawaida ya pawalaini haijui IP wala poti. Inachopokea upande mmoja inakitoa upande wa pili kilivyo. Taa ya pawalaini ikiwaka na data ikipita, tatizo la anwani litafuteni kwenye kifaa au kwenye ruta, na la poti litafuteni kwenye ruta au kwa mtoa huduma.

Nilikuwa na ruta ya 4G, na DVR (kinasa picha) ya kamera niliipa IP ya kudumu 192.168.1.50. Nimehamia faiba, na wakati huohuo nikanunua adapta ili DVR ikae chumba cha juu. Sasa haionekani kabisa. Taa zote tatu za adapta zinawaka. Fundi anasema nimeuziwa feki. — Msomaji, Tanga

Usizirudishe dukani bado. Taa hizo tatu kwa kawaida ni za umeme, za adapta kuonana, na za kebo. Zote zikiwaka, njia ipo.

Ulibadilisha vitu viwili kwa mpigo, ukakilaumu kile usichokizoea. Chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani, fungua maelezo ya mtandao huo, usome anwani ambayo simu imepewa. Ruta nyingi za faiba hutumia 192.168.100.1, kwa hiyo nadhani utakuta simu ina kitu kama 192.168.100.7. DVR yako bado iko kwenye 192.168.1.50, na getwei yake, yaani anwani inayopitia kutoka nje ya mtandao wa nyumba, bado ni 192.168.1.1, ruta ambayo umeshaizima. Iko hai na imeunganishwa, ila inaongea na mtandao ambao haupo tena.

Kama DVR ina skrini au TV, ingia kwenye mipangilio yake kwa kipanya ubadilishe hapohapo. Kama haina, chukua laptopu, iunganishe kwa kebo kwenye ruta, uipe kwa mkono anwani 192.168.1.20 na maski (subnet mask) 255.255.255.0. Kisha andika 192.168.1.50 kwenye kivinjari. Kwenye ruta nyingi za nyumbani ukurasa wa DVR utafunguka hata kama ruta yenyewe haina habari na anwani hizo, kwa sababu matundu yake ya kebo yanafanya kazi ya swichi tu, na laptopu na DVR vinaonana moja kwa moja. Iweke DVR kwenye DHCP, yaani ipewe anwani na ruta, hifadhi, kisha rudisha laptopu kwenye anwani ya kupewa. Watu wengi husahau hatua hiyo ya mwisho na kuanza kulalamika kwamba laptopu haina intaneti.

Ukurasa ukikataa kufunguka, teremsha DVR, ichomeke kwa kebo fupi kwenye ruta, urudie. Ikifunguka hapo na ikakataa juu, basi sasa unayo sababu ya kuishuku adapta.

Printa yangu ina IP ya kudumu. Kila umeme ukikatika na kurudi, inapotea. Nikizima kila kitu na kuwasha tena, siku nyingine inarudi, siku nyingine hairudi. — Msomaji, Kisumu

Anwani zinagongana. Uliichagulia printa namba iliyo ndani ya fungu ambalo ruta hugawa yenyewe. Umeme ukirudi, ruta nyingi hazikumbuki zilimpa nani nini, na simu ya kwanza kuomba inaweza kupewa namba ileile ya printa. Adapta zinachangia kidogo hapa, kwa sababu umeme ukirudi zinahitaji muda kutafutana, na muda huo simu za Wi-Fi zimeshagawiwa anwani.

Hakikisha hivi: chomoa kebo ya printa, kisha kwenye kompyuta piga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kipo) kwenye namba yake. Ukipata jibu ilhali printa haijaunganishwa, kuna mwingine anayeitumia. Amri ya arp -a itakuonyesha MAC ya kifaa hicho, yaani namba yake ya utambulisho ya kiwandani.

Dawa yangu ni moja kila siku: iache printa kwenye DHCP, halafu kwenye ruta uihifadhie namba yake kwa MAC. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. MAC inayotakiwa ni ya printa. Ile iliyobandikwa mgongoni mwa adapta haihusiki. Na printa yenye Wi-Fi na tundu la kebo ina MAC mbili tofauti, kwa hiyo chukua ile ya kebo. Simu nayo ukitaka kuihifadhia namba, kumbuka kwamba kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Zima kipengele hicho kwa Wi-Fi ya nyumbani kwanza.

Siku utakapoona printa ina anwani inayoanza na 169.254, ujue iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Mara nyingi imewaka kabla adapta hazijaonana. Izime, subiri taa ya pawalaini itulie, uiwashe.

Niko Muscat, nyumba iko Unguja. Kaka amefungua poti 8000 na 554 kwenye ruta kuelekea DVR, na DVR ina IP ya kudumu. Yeye akiwa nyumbani anaona kamera zote. Mimi sioni kitu. Tumebadilisha poti, tumebadilisha hata adapta. — Msomaji, Muscat

Swali hili nalipata kuliko jingine lolote, na linanigusa kwa sababu watu hutumia pesa kununua vifaa ambavyo haviwezi kulitatua.

Kaka akipima akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, app yake inaifikia DVR kwa njia ya ndani, kwa hiyo jaribio hilo halisemi chochote kuhusu wewe uliye nje. Azime Wi-Fi na ajaribu kwa bando la simu. Akikosa, afungue ukurasa wa hali ya ruta aandike anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa nje wa ruta. Kisha, akiwa kwenye Wi-Fi tena, aingie kwenye tovuti yoyote inayoonyesha IP yako inavyoonekana nje. Namba hizo mbili zikiwa sawa, rudini kwenye mipangilio: pengine poti zimeelekezwa kwenye namba ya zamani ya DVR, au DVR ina getwei isiyo sahihi. Getwei ikikosewa, maombi yanaingia lakini majibu hayajui pa kutokea, na hali hiyo haionekani kabisa mkiwa ndani ya nyumba.

Namba zikitofautiana, poti mnazofungua hazifiki nje. Tazameni WAN inaanzaje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mko nyuma ya CGNAT. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, yaani wateja wengi wa mtoa huduma mmoja kutumia anwani moja ya umma. Ni kama barua za mtaa mzima kupitia sanduku la posta la shule: barua inafika shuleni, lakini kama hukuandika wewe kwanza, hakuna wa kujua ipelekwe nyumba gani. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, huenda ni hivyohivyo, au mna ruta mbili zilizofuatana na poti imefunguliwa kwenye moja tu.

Hii si hila ya mtoa huduma. Anwani za IPv4, aina ya IP tunayoizungumzia hapa, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, wanaozigawa Afrika, waliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. IP ya kudumu mliyoipa DVR ni ya ndani ya nyumba. Ile ya nje ni kitu kingine, na hiyo huombwa kwa mtoa huduma, mara nyingi kwa malipo ya kila mwezi.

Lakini hata mkiipata, nawasihi msifungue poti za DVR kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia kwenye kamera, DVR na ruta nyingi mno kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, hadi tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Vifaa vya aina hiyo bado vinawindwa. Mbali na hilo, hizo ni picha za sebule yenu na za watoto wenu.

Njia ninayoipendekeza ni VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) inayoanzia nyumbani kwenda nje, kwa mfano Tailscale, kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayowaka muda wote. Kwa kuwa nyumba ndiyo inayoanza mazungumzo, CGNAT haizuii, na hakuna poti ya kufungua. Kama hilo ni zito kwenu, tumieni app ya kamera kwa kuskani msimbo wa QR wa DVR. Mtakuwa mnaitegemea seva ya mtengenezaji, ila itafanya kazi leo. Badilisheni nywila na sasisheni programu ya DVR kwanza.

Umeme ukikatika inverta inashika, ruta inaendelea, lakini chumba cha pili kinapoteza mtandao. — Msomaji, Mbezi

Angalia soketi ya adapta ya pili. Mafundi wengi hupitisha taa na soketi chache tu kwenye inverta, na zilizobaki zinabaki upande wa laini ya nje. Kuna uwezekano mkubwa kwamba adapta hiyo haina umeme kabisa. Kama inao, jua kwamba inverta za bei nafuu huchafua nyaya kwa kelele, na adapta hutumia masafa ya kuanzia kama megahezi 2 kwenda juu, ambayo kelele hiyo huyaumiza. Usiichomeke kwenye UPS wala kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kwa sababu vichujio vyake hula mawimbi. Na kama nyumba ina fezi tatu, mwombe fundi umeme akuonyeshe soketi mbili za fezi moja.

Tunaishi ghorofani. Kwenye orodha ya ruta yangu nimeona TV nisiyoijua, na mimi Wi-Fi nimeizima. — Msomaji, Nairobi

Inaelekea ni ya jirani mwenye adapta kama zako. Mawimbi haya yanaweza kupita hadi nyumba ya pili, na adapta nyingi za kiwango cha HomePlug AV hutoka kiwandani na jina moja la siri la mtandao, HomePlugAV. Za kwako na zake zimeonana na kuungana, na ruta yako imempa anwani. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye adapta ya kwanza, kisha cha ya pili ndani ya dakika 2, zitatengeneza ufunguo wao wenyewe. Fanya leo, kisha umjulishe jirani, kwani naye yuko wazi vilevile.

Adapta zimeandikwa 600. Napata 70. Ni kawaida? — Msomaji, Bujumbura

Ndiyo. Ile 600 (megabiti kwa sekunde) ni jumla ya kwenda na kurudi kwenye waya katika hali bora kabisa, na adapta nyingi za daraja hilo zina tundu la kebo la megabiti 100 tu. Megabiti 70 ni matokeo mazuri.