Nigeria milioni 900? Hiyo namba imepitwa

Wapo wanaosema Nigeria itafikisha watu milioni 900 mwaka 2100. Hapana, hiyo namba ni ya zamani. Ilitoka kwenye makadirio ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2012. Toleo la 2024 linasema kama milioni 477. Nchi ileile, mwaka uleule, karibu nusu imeyeyuka.

Makadirio ya miaka 20 au 30 mbele huwa yanakaribia ukweli, maana wengi watakaozaa wakati huo wameshazaliwa, unawahesabu tu. Ukivuka hapo unabaki kukisia mabinti ambao hata mama zao hawajazaliwa watataka watoto wangapi. Korea Kusini walichorewa toleo baada ya toleo kwamba uzazi utapanda kidogo. Wenyewe wakashuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke mwaka 2023.

Jumla ya dunia ndiyo huwa na nafuu, kwa sababu makosa ya huku na kule hufutana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Umoja wa Mataifa walikadiria watu bilioni 6.28 kwa mwaka 2000, ikawa kama bilioni 6.1.

Halafu sensa ya mwisho ya Nigeria ni ya 2006, kwa hiyo hata hiyo idadi ya leo wanayoanzia ni makisio.