Tingatinga ni ardhi au ni mashine?

Ndugu, uliyeuliza kama tingatinga ni mashine ya kuchonga barabara tu, hapana, tingatinga pia ni ardhi tepetepe inayotikisika ukikanyaga, mguu unazama na maji yanatoka pembeni ya kiatu. Sentensi yako uliyoandika, "ng'ombe amekwama kwenye tingatinga", iko sawa kabisa ila msomaji wa leo atafikiri ng'ombe kagongwa na katapila, kwa hiyo mi ningeandika kinamasi, hilo kila mtu analielewa.

Ardhioevu ni neno la ofisini, la sheria na mazingira, ni pana zaidi. Huku Uganda Waganda wanasema lutobazi, wengi mtaani swampu tu. Mfano mzuri ni Mabamba karibu na Entebbe, mafunjo yamesukana mizizi juu ya maji ya ziwa Viktoria, ukikanyaga pananesa, hiyo ndo tingatinga yenyewe! Chepechepe nayo ni sifa, unasema udongo chepechepe, hata nguo iliyolowa ni chepechepe, usiitumie kama jina la mahali. Na wingi wa kinamasi ni vinamasi, sio makinamasi tafadhali.