Mama ana betri ya moyo, homa haimwachi

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 68, mwezi wa tano sasa tangu awekewe betri ya moyo kule Dar, hawakumpasua kifua, walimchana kidogo tu chini ya mtulinga tukarudi zetu Tanga salama. Sasa wiki ya tatu kila jioni homa na baridi, malaria kapimwa mara mbili hana, duka la dawa wanatupa antibayotiki anapata nafuu siku nne inarudi palepale. Kwenye kovu pamevimba pekundu, shangazi anamkanda na maji ya moto. Tufanyeje?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Shangazi aache kumkanda leo leo, na asitokee mtu wa kupatoboa hata kwa sindano, mtaingiza wadudu wengine ndani.

Kidonda kilikuwa kidogo kweli, ila kutoka pale kuna waya umepita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Bakteria wa kwenye ngozi wakishaganda kwenye betri au waya wanajifunika na utelezi, dawa haiwafikii vizuri, ndo maana homa inashuka halafu inarudi. Haitokei sana, ni kama mtu 1 au 2 kati ya 100 waliowekewa betri, na inaweza kuchelewa miezi kabisa, lakini ikishika valvu, yaani milango ya moyo, inaweza kuua.

Kinachoniuma ni hivyo vidonge vya dukani. Mtu akishameza antibayotiki, maabara wakiotesha damu yake kutafuta bakteria mara nyingi hawaoni kitu, daktari anabaki kubahatisha. Acheni hivyo vya dukani, dawa zake za moyo aendelee nazo. Mpeleke hospitali ya Bombo leo hii, neno la kwanza mlangoni liwe "ana betri ya moyo", omba achukuliwe damu ya kuotesha, zaidi ya mara moja, kabla ya dripu ya antibayotiki, na eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Ila akiwa anahema kwa shida au anaongea visivyoeleweka, dawa isisubiri vipimo.

Waliomwekea wapigiwe simu mapema, maana ikithibitika ni bakteria kwenye betri, kwa kawaida betri na waya vinatolewa vyote, na kama valvu imeguswa ni sindano za mshipani wiki 4 hadi 6. Najua mtaogopa kusikia kutolewa, lakini vikibaki homa itarudi tu. Beba kadi ya betri na maganda ya vidonge vyote alivyomeza, hata kama ni kimoja.