Umoja na wingi wa Kiingereza: kwa mwalimu mpya aliyepangiwa nyanda za juu kusini

Mwalimu mwenzangu unayeripoti sasa, iwe Mbeya, Njombe au Iringa, kuna uwezekano mkubwa utakabidhiwa kidato cha kwanza, na mada ya nomino za umoja na wingi itakufikia mapema. Wengi huimaliza kwa vipindi viwili. Jedwali linachorwa ubaoni, "book" upande huu na "books" upande ule, darasa linaitikia kwa pamoja, kazi imekwisha. Baadaye zinakusanywa insha, na humo yanajaa "two house", "childrens" na "the news are". Nimeifundisha mada hii kwa miaka mingi, na ninataka uanze ukijua shida iko wapi hasa, maana muda mwingi hupotea mahali ambapo haipo.

Mtoto aliyekaa mbele yako anaelewa vizuri umoja na wingi ni nini. Kama ni Mnyakyusa, kwao mtu mmoja ni umundu na wengi ni abandu. Kwa Kiswahili anasema kiti na viti, jani na majani, bila kufikiri. Kote huko kinachogeuka kiko mwanzoni mwa neno, na kikishageuka kinavuta sentensi nzima: viti vyangu viwili vizuri vimevunjika. Kiingereza huiweka alama yake mwishoni mwa neno, sauti ndogo tu, na maneno ya jirani karibu yote yanabaki kama yalivyokuwa. "My good chair" ikiwa wingi ni "my good chairs", basi. Makosa mengi utakayosahihisha yanatoka kwenye tofauti hiyo, na yana njia zake.

Njia ya kwanza ni kuiacha "s". Ukisoma daftari kwa makini utaona haiachwi ovyo. Mwanafunzi ameandika "trees" bila shida, kisha mstari wa chini yake ameandika "three house" na "many table". Sasa tazama Kiswahili chake. Mti unakuwa miti, lakini nyumba ni nyumba, ziwe tatu au mia, na meza ni meza. Wingi ameshausoma kwenye "three", haoni sababu ya kuligusa neno lenyewe. Kwa hiyo mazoezi ya wiki za mwanzo yajaze nomino za aina hiyo: nyumba, meza, kalamu, nguo, ndizi, mbuzi, ng'ombe. Zile za aina ya miti na viti zitaingia zenyewe.

Njia ya pili ni kinyume chake: kuieneza "s" kila mahali. "The goods boys plays." Huyu usimgombeze, anafuata upatanisho wa kisarufi aliofundishwa tangu shule ya msingi na ambao kwenye Kiswahili angepewa alama zote. Mwonyeshe kwamba kivumishi cha Kiingereza hakina wingi, na kwamba vionyeshi pekee ndivyo vinavyogeuka, "this" kuwa "these" na "that" kuwa "those". Kwenye kitenzi kaa kwa kipindi kizima ukiweza. Wakati uliopo, "the boy plays" lakini "the boys play". Mimi huwaandikia ubaoni sentensi ya umoja, naita mwanafunzi aje aifute "s" kwenye kitenzi na kuiandika upya kwenye nomino. Wakifanya hivyo kwa mikono yao, na wenzao wakiwatazama, inakaa kuliko kanuni iliyoandikwa kwenye notisi. Kisha waonye kwamba mbinu hiyo inaishia pale nomino inapobadilika kwa namna yake: "the child plays", "the children play", hakuna "s" ya kuhamisha.

Hapo hapo ndipo pa kuua "childrens", "mens", "womens" na "peoples". Maneno haya tayari ni wingi. Yale yanayobadilika ndani kwa ndani hayazidi yale ambayo darasa linaweza kuyashika kwa wiki moja: "man" na "men", "woman" na "women", "foot" na "feet", "tooth" na "teeth", "goose" na "geese", "mouse" na "mice", "louse" na "lice". Ni masalia ya Kiingereza cha kale, ndiyo maana ni ya vitu vya kila siku: watu, viungo vya mwili, wanyama wa nyumbani. "Oxen" iwekee mkazo ikiwa umepangiwa Usangu au kokote wanakolima kwa maksai. Mtoto anayeshika plau kila msimu hatalisahau. "Women" mrudishie sikioni pia, kwa sababu tahajia inadanganya: irabu ya kwanza inasikika kama "i".

Kuhusu sauti kwa jumla, Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, kwa hiyo "s" ya mwisho humezwa au huongezewa irabu. Anayesikia "books" kama "buku" ataandika "book". Toa imla fupi kila wiki. Baada ya "cups" na "books" inasikika "s" kavu. Baada ya "bags" na "eggs" inasikika "z". Baada ya "buses", "benches" na "oranges" inaongezeka silabi nzima. Hii ya tatu ukiifundisha kwa sikio, tahajia ya "-es" inajieleza: neno likiishia na sauti za "s", "sh", "ch" au "x", huwezi kutamka "s" nyingine bila kuweka irabu katikati. Ndiyo sababu "stomach", ambayo "ch" yake inatamkwa "k", inakuwa "stomachs" tu.

Kanuni nyingine za tahajia ni chache na wanazishika, nitazipita haraka. "Y" iliyotanguliwa na konsonanti inageuka, "baby" na "babies". Iliyotanguliwa na irabu inabaki, "boy" na "boys". Maneno ya "-f" tumia majani ya chai ya Mufindi na Rungwe: "leaf" na "leaves", pamoja na "knives", "wives", "loaves", "thieves". Yanayokataa kugeuka yafundishe pembeni: "roofs", "beliefs", "chiefs". Hilo la mwisho litakutana nao kwenye historia, wanaposoma habari za Mkwawa na vita vya Lugalo vya mwaka 1891, na wengi wataandika "chieves" usipowahi. Kwa "-o" soko la Mwanjelwa linakupa darasa zima: viazi na nyanya vinachukua "-es", "potatoes" na "tomatoes", parachichi ni "avocados", kama zilivyo "kilos", "radios" na "photos". "Mangoes" na "mangos" zote zinakubalika, vivyo hivyo "volcanoes" na "volcanos", kwa hiyo kalamu nyekundu iache ipumzike hapo.

Sasa sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote, na ambayo vitabu vingi huipa nusu ukurasa: nomino zisizohesabika. Kiswahili kinasema maji yamejaa, maziwa yameharibika, mafuta yamepanda bei, pesa zimeisha, habari zimefika, nywele zake ni ndefu. Viambishi hivyo vyote ni vya wingi. Mtoto anayeandika "the money are finished" au "the milk are bad" amesikiliza lugha yake vizuri sana. Kiingereza kinavitaja vitu hivi kama kimoja: "the money is", "the milk is", "the news is", "her hair is". "News" inawachanganya zaidi kwa kuwa ina "s" mwishoni na bado ni umoja, kama "mathematics" na "physics" zilizoandikwa kwenye ratiba yao ukutani. "Police" nayo iko kinyume, haina "s" na inachukua "are".

Kundi la pili la hizi ni la vitu tunavyovihesabu kabisa: mizigo mitatu, vifaa vitano, taarifa mbili, kazi za nyumbani. Kutoka hapo unapata "luggages", "equipments", "informations" na "homeworks". Kukataza peke yake hakutoshi, kwa sababu mtoto ana mizigo mitatu kweli na anataka kuitaja. Mpe neno la kupimia. Na kupima wanajua. Wape bidhaa za kwao: gunia la mahindi, debe la maharage, mkungu wa ndizi wa Tukuyu, kilo ya mchele wa Kyela, mzigo wa kuni. "Two sacks of maize", kipimo kimekuwa wingi na "maize" imebaki. "Two sacks of potatoes", kipimo kimekuwa wingi na viazi pia, kwa kuwa kiazi kimoja kimoja kinahesabika. Waache wabishane kuhusu mchele na maharage, vyote vikiwa punje ndogo: "rice" haihesabiki, "beans" zinahesabika. Hakuna sababu ya kina, ndivyo lugha ilivyovigawa, na ni vizuri waambiwe hivyo waziwazi. Ukifundisha Mafinga, tumia mbao: "timber" kama mali ya kuuza haihesabiki, "planks" unazihesabu moja moja kwenye lori. Wakizoea hivyo, "three pieces of luggage" na "two loaves of bread" haziwi ngeni tena.

Usisahau maneno ya Kiingereza yaliyoingia Kiswahili yakiwa na "s" yake. Soksi moja, chipsi, hayo kwetu ni ya umoja na wingi kwa pamoja, na mwanafunzi ataandika "a socks". Suruali na mkasi vinasumbua kwa upande mwingine. Kwetu ni kitu kimoja; Kiingereza kinaviona vina pande mbili, kinasema "my trousers are" na "the scissors are", na ukitaka kuhesabu unasema "a pair of trousers".

Jambo moja litakalokusaidia wewe na walimu wenzako wa sayansi. Kuanzia kidato cha kwanza wanafunzi wanasoma "bacteria", "fungi", "data" na "criteria" bila kuambiwa kwamba ni wingi, hivyo wanaandika "a bacteria" hadi kidato cha nne. Kaa na mwalimu wa Baiolojia na wa Hisabati, mkubaliane orodha fupi: "bacterium" na "bacteria", "fungus" na "fungi", "nucleus" na "nuclei", "axis" na "axes", "radius" na "radii", "hypothesis" na "hypotheses". Kila mmoja ayasahihishe kwenye madaftari yake. "Data" iache, siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza wanaitumia kwa umoja na wasahihishaji hawalingani. Hayo mengine yadai, na omba madaftari ya Baiolojia angalau mara moja kwa muhula uone kama yanaandikwa hivyo hata pale ambapo mwalimu wa Kiingereza hayupo.