Maswali ya Wasomaji: Kiti Kisichokaliwa, Mtungi Usio na Mdomo

SWALI: Tunaandaa maonyesho ya vyombo vya mninga visivyotumika: kiti kilichoelemea upande, mwiko wenye matundu, kinu kisicho na shimo. Kwenye majaribio wageni walikalia kiti kikaanguka, na kinu kimeanza kupasuka. Tuzungushie kamba? – *Seremala, Tabora*

JIBU: Kamba iacheni, fundi. Jengeni jukwaa la plaiwudi lenye kimo cha sentimita 15, lizidi miguu ya kiti kwa sentimita 40 kila upande. Mtu akiona lazima apande ndipo akae, wengi husita. Kisha wekeni benchi la kweli karibu na mlango, maana anayekalia kazi ya sanaa mara nyingi amechoka tu.

Kiti huanguka pale uzito wake unapotoka nje ya eneo la miguu. Kipimeni: miguu ikiwa imeachana sentimita 50, kabari ya sentimita 9 chini ya upande mmoja hukiinamisha nyuzi kama 10. Pimeni hasa kule kinakoelekea kulala. Kikianguka, kifungeni kwa skrubu kutoka chini ya jukwaa, na ndani ya jukwaa wekeni mifuko ya mchanga ya kilo 20 hadi 25.

Kinu kinapasuka kwa sababu ni gogo zima. Nje hukauka na kusinyaa, moyo bado mbichi, na kiangazi cha Tabora hakisubiri. Hilo lenye ufa ni vigumu kuliokoa. Jipya litoboeni kwa chini, mbao ibaki unene wa sentimita 4 au 5, na ncha zote mbili zipakwe nta siku hiyohiyo. Ndiyo, kinu kisicho na shimo kitakuwa na shimo, ila mgeni hataliona.

Mwiko utoeni. Ukiwa na matundu, mpishi yeyote ataona kichujio, yaani mmeupa kazi nyingine badala ya kuuondolea ya kwanza. Kazi za aina hii husimama pale chombo kinapotambulika mara moja, kisha jambo moja tu linakikatalia. Man Ray, msanii wa Marekani, mwaka 1921, alibandika safu ya misumari chini ya pasi. Meret Oppenheim, msanii pia, mwaka 1936, alivika kikombe, kisahani na kijiko manyoya ya mnyama. Umbo hakuligusa. Kinu chenu kimo katika njia hiyo, nacho ndicho kikae katikati ya ukumbi.

Lebo iwe na jina, mti, vipimo na mwaka. Basi.

SWALI: Nafinyanga mitungi isiyo na mdomo. Kila nikichoma, inalipuka. – *Mfinyanzi, Ujiji*

JIBU: Mama, toboa tundu la unene wa njiti ya kiberiti kwenye kitako udongo ukiwa bado laini. Bila hilo, hewa ya ndani huzuia udongo kusinyaa, na unyevu uliobaki hugeuka mvuke usio na pa kutokea. Changanya udongo na vigae vilivyosagwa, kigae 1 kwa udongo 4, na ukuta usizidi sentimita 1. Kausha kivulini wiki mbili au zaidi. Siku ya kuchoma, mtungi uweke kando ya moto saa tatu au nne ukiugeuza, mpaka usishikike kwa mkono mtupu, ndipo uingie kwenye makaa. Tundu usilizibe kabla ya hapo. Ukishapoa kabisa, lizibe kwa nta iliyochanganywa na unga wa vigae vilevile, rangi isiachane.