Mbwa wangu anaanza kutoona, jirani anasema nimchome sindano

SWALI: Habari za kazi dokta. Nina mbwa mdogo jike, chotara wa Japanese Spitz, ana miaka 6 anaitwa Pendo. Tangu mwaka jana umeme ukikatika tu anagonga viti, na giza likiingia hataki kushuka ngazi za kibarazani, analia mpaka nimbebe. Mchana yuko fiti kabisa anafukuza kuku kama kawaida yake. Nikimmulika tochi macho yanang'aa kuliko zamani na mboni zimekuwa kubwa. Jirani ananiambia mbwa kipofu ni mateso matupu nimwite mtu amchome sindano alale, na mume wangu naye kaanza kukubaliana naye. Roho inaniuma sana, nifanyeje?
Mama wawili, Arusha

JIBU: Pole sana dada yangu. Kwanza hilo la sindano liwekeni pembeni kabisa, mwambie na shemeji. Mbwa sio mtu, macho kwake yanakuja nyuma ya pua na masikio, na anayepoteza kuona polepole kama huyu wako anapata muda wa kuizoea nyumba kwa kunusa na kusikia mpaka wageni wakija hawajui hata kama haoni. Mbwa asiyeona ambaye anakula, anacheza na hana maumivu hana sababu yoyote ya kufa, hapo sina mjadala.

Sasa hizo dalili. Kushindwa usiku kwanza huku mchana anaona, mboni pana, mng'ao mkali ukimulika, hapo nafikiria zaidi retina, yaani ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwamba inakufa taratibu. Ni ugonjwa wa kurithi, mbwa wengi wadogo wa kizungu na machotara wao wanao, hauumi lakini hauna dawa, kwa hiyo atakayekuuzia matone ya kurudisha macho anakula hela yako bure. Na tafadhali Pendo asizae tena, hata kama watu wanaulizia watoto wake.

Ila siwezi kumpima kwenye karatasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, tena sio kwa ajili ya jicho peke yake. Jicho la mbwa mara nyingi linasema ugonjwa ulioko kwingine. Kisukari kwa mfano, mbwa anakunywa maji mno, anakojoa kojoa, anakula lakini anakonda, halafu ghafla macho yanakuwa meupe, manake wengi wenye kisukari wanapata mtoto wa jicho, wengine ndani ya mwaka huo huo. Halafu kupe, huku kwetu hili watu wanalidharau sana, kupe wa mbwa wale wa kahawia wanaleta erlikia, maambukizi ya bakteria kwenye damu, na hiyo inaweza kuvimbisha jicho kwa ndani mpaka likavia damu, ukiwahi inatibika kwa vidonge. Presha ya damu nayo, hasa mbwa mzee mwenye figo mbovu, inaweza kubandua retina. Kwa hiyo omba apimwe damu na sukari, na macho yaangaliwe kwa kile kitochi chao. Ukiwa huko Kaskazini na daktari wako akashindwa, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wana hospitali ya wanyama. Kuna wanaosikia mtoto wa jicho anafanyiwa opresheni wakapata tumaini, ni kweli anafanyiwa, ila kama retina imekufa ukimtoa mtoto wa jicho haoni vile vile, ndio maana retina inapimwa kwanza.

Nyumbani sasa, hapa ndipo kazi ilipo na wewe ndio utaifanya. Usihamishe hamishe vitu, kochi libaki lilipo, bakuli la maji na chakula sehemu ile ile kila siku, na dada wa kazi aambiwe ndoo na fagio visiachwe njiani. Weka mkeka au kipande cha zulia juu na chini ya ngazi ili miguu yake ijue kabla hajafika, na taa ndogo ya kibarazani iwake usiku maana bado anaona kidogo. Shimo la maji taka, mtaro, karo, vyote vifunikwe. Geti ndio linaniogopesha kuliko vyote, gari likirudi nyuma yeye hajui liko upande gani, basi kabla hujafungua geti lazima awe ndani au ameshikwa.

Mfundishe maneno sasa hivi angali anaona, mawili matatu tu, "ngazi", "simama", "njoo", neno lile lile kila mara na zawadi ya kipande cha nyama, na watu wote nyumbani waseme hivyo hivyo. Ukitaka kumshika muite kwanza, hasa akiwa amelala, na watoto uwaambie, mbwa akishtuka anaweza kung'ata sio kwa ubaya. Kama una mbwa mwingine mfunge kengele ndogo Pendo ajue yuko wapi. Na acha kumbeba kila saa jamani, najua unamhurumia ila ukimuweka chini hajui yuko wapi, mwache atembee na pua yake.

SWALI: Dokta, jicho moja la mbwa wangu limekuwa jekundu tangu jana, limevimba na lina ukungu wa bluu, hali chakula. Nina dawa ya macho ya mtoto imebaki, nimuwekee?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Usiweke. Kama ina steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho lina kidonda linaweza kutoboka. Hiyo inafanana na presha ya macho, yaani msukumo wa maji ndani ya jicho, kwa mbwa mwenye afya kipimo ni kama 10 mpaka 25 mmHg, ikipanda sana inauma vibaya na jicho linaweza kufa kabisa ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri Jumatatu, mpeleke leo. Usimvute kwa kola ya shingoni maana ukikaba shingo presha ya jicho inapanda, mfunge mkanda wa kifuani au mbebe, na njiani mzuie asijikune.